Mjane Hujibu kwa Kinywa Chake

"Kuimba ni kuimba na kusema ni kusema. Usituchanganyie mambo, Fatna."

"Nani amechanganya? Kinywa si ni kile kile kimoja? Au wewe huimbia masikioni?"

Sitti akatua ndoo yake ya maji, na hapo Fatna akajua kwamba ugomvi umekubaliwa. Ua wa mabua uliotenganisha nyumba zao pale Makina ulikuwa umelala upande mmoja tangu masika, wala hakuna aliyejisumbua kuuinua, maana ungewazuia kuonana vizuri wakati wa kugombana.

"Alhamisi Sheikh Abdulrahman anakuja kuuliza swali la ndoa," Sitti alisema. "Ndoa, si doluka. Mtamtolea ngoma?"

"Atapewa jibu. Likija na ngoma, likija bila ngoma, jibu ni jibu."

"La kuimbwa si jibu. Mtu anaimba usiku kucha kwamba atakufa kwa mapenzi, asubuhi unamkuta anamenya viazi. Nani amewahi kumshika mtu kwa maneno ya wimbo?"

Hapo Fatna alikwama kidogo, jambo lisilomtokea mara kwa mara. Kibaraza chake kilikuwa kipana kuliko vyote vya upande ule, na kila habari ya Kibra, kutoka kitongoji cha Lindi mpaka Toi, ilipita hapo ikanywa chai kabla ya kuendelea na safari. Maneno alikuwa nayo ya kutosha, hata ya kuwaazimisha majirani. Lakini hili lilikuwa gumu, na aliyekuwa hatarini si yeye. Alikuwa Sitelbanat wa nyumba ya pili, aliyeketi pale pale kibarazani akisuka tabaga, ule ufuniko wa rangi wa kufunikia chakula, huku akiwasikiliza watu wawili wakigombania kinywa chake.

Mambo yalikuwa hivi. Abdelkarim, mume wa Sitelbanat, alikuwa amefariki, na mjane alikuwa ametoka eda. Kabla hajazoea kutembea barabarani tena, kaka mkubwa wa marehemu, Effendi Murjan, akapeleka posa. Effendi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, akapigana vita vya Mjerumani mpaka Tabora akarudi na vidole vinane na sauti iliyosikika ng'ambo ya reli. Aliona kwamba nyumba ya ndugu yake isiingiwe na mgeni, na mjane wa ndugu yake asihangaike. Hesabu yake ilikuwa safi, ila kwa jambo moja: Sitelbanat hakumtaka. Hakutaka mume yeyote. Alitaka kukaa kwenye nyumba yake, asuke tabaga zake, aoke gurusa zake, ile mikate myembamba, awauzie askari kambini kama alivyofanya hata mumewe akiwa hai.

Kusema hivyo sasa ndiyo ilikuwa kazi. Sitelbanat alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Neno lilikuwa likija vizuri mpaka kwenye meno, linagota hapo kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto, na kadiri watu walivyomtazama ndivyo mbuzi alivyozidi kukataa. Majirani walimsaidia kwa namna ya majirani. Akianza "ma", huyu anasema maji, yule anasema matembele, na yeye anaitikia lolote ili aondoke. Siku moja alikwenda duka la Mhindi kununua majani ya chai akarudi na mafuta ya taa.

"Sheikh amesema wazi," Fatna aliendelea. "Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, ni haya, na ukimya wake ni ridhaa. Mjane lazima atamke kwa kinywa chake. Kwa hiyo atatamka."

"Na asipoweza? Effendi amesema atamjibia. Dada huyu hana baba, hana kaka. Shemeji ndiye mkubwa wake."

"Yaani anayeposa ni yeye na anayejibu ni yeye. Si akaoe kioo chake, tumalize?"

Sitelbanat akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. Kicheko chake hakikuwa na kigugumizi hata kidogo.

Wala wimbo wake. Hilo kila mtu Kibra alilijua, na ndilo lililompa Fatna wazo. Siku ya harusi, wanawake wakishakaa na ngoma ya doluka ikishawashwa joto kwenye moto, aliyeitwa mbele kuongoza alikuwa Sitelbanat. Alifumba macho akatoa sauti, na maneno yakatoka yamepangana kama shanga, beti baada ya beti, na mengine ya kutunga hapo hapo, ya kumchokoza bwana harusi, ya kumsifu mama mkwe kwa sifa zenye pilipili ndani. Wanawake wakamwitikia. Mwanamke yule yule aliyeshindwa kuomba chumvi aliweza kuimba mpaka alfajiri bila kugota. Fatna, aliyekuwa mpiga ngoma wake, alimtazama miaka yote hiyo na hakuchoka kustaajabu.

Wakati huo huo alifika Gathoni, mkanda wa kiondo ukiwa kwenye kipaji, kiondo chenyewe kimejaa viazi vitamu mgongoni. Alitoka Kawangware mara mbili kwa wiki kuuza, na alikuwa mteja wa zamani wa habari za kibaraza kile.

"Wewe Gathoni, utuamue," Fatna alisema kabla hata mwenzake hajatua mzigo. "Mtu mwenye kigugumizi, akiimba maneno yake, si yanatoka?"

Gathoni alifuta jasho, akafikiri. "Yanatoka. Mjomba wangu Chege alikuwa hivyo. Akichunga ng'ombe, anawaimbia wote kwa majina, moja kwa moja, hata hapumui. Lakini akija mtu kuuliza bei ya mbuzi, Chege anagota pale pale."

"Umesikia?" Sitti akainua ndoo yake kwa ushindi. "Ng'ombe ni ng'ombe na watu ni watu."

"Sijamaliza, mama. Baadaye alijifunza kuanza polepole, kama anayetaka kuimba lakini haimbi. Alikuwa bado anagota. Ila haikuwa kama zamani."

"Kwa hiyo nani amesema kweli, mimi au yeye?" Fatna aliuliza.

"Mimi nimekuja kuuza viazi," Gathoni alisema.

Sitti alipokwisha kwenda zake, Fatna alileta ngoma. Alikuwa na mpango. Jibu liwe fupi, liwekwe kwenye wimbo ambao haujawahi kumgotesha Sitelbanat, nao ni ule wa kumtoa bibi harusi ndani. Wimbo huo aliujua kama njia ya kisimani. Wakapanga maneno: Effendi shemeji yangu, heshima yako ninayo, ndoa sitaki. Fatna akapiga, Sitelbanat akaimba, na maneno yakateremka bila hata jiwe moja njiani.

"Sasa sema bila kuimba."

"E-e-e-ef…"

"Tena. Imba kwanza, kisha upunguze."

Walifanya hivyo siku zote za wiki ile, baina ya kupika na kuchota maji. Fatna aligundua mambo ambayo hakuwa ameyawazia. Alipopiga ngoma taratibu maneno yalitoka vizuri kuliko alipopiga haraka. Alipoacha ngoma, Sitelbanat akigonga paja lake kwa kidole, maneno matatu ya mwanzo yalipita. Aliponong'ona yakapita zaidi. Na kulikuwa na jambo la pumzi: katika wimbo Sitelbanat aliitoa pumzi kabla ya neno, neno likaja limepanda juu yake, lakini katika kusema aliifunga pumzi kifuani kama mtu anayeinua gunia, na neno likabanwa huko huko.

"Umeona?" Fatna alimwambia. "Unaogopa neno kabla halijafika. Liachie."

Mbele ya Fatna peke yake, hatimaye aliweza kusema sentensi nzima, nusu ikiwa na sauti ya wimbo na nusu ya kawaida. Fatna alikaribia kulia. Hapo hapo Sitti akaingia kuazima kinu, na sentensi ikavunjika vipande.

Jioni moja Fatna alimsukuma mno, akimtaka arudie na kurudia kama askari kwenye gwaride, mpaka Sitelbanat akageuza maneno ya wimbo, akaimba kwa utulivu kabisa kwamba Fatna ni jirani mwema lakini anachosha kuliko Effendi. Wakacheka. Kisha Fatna akamuuliza jambo alilotaka kuuliza miaka mingi.

"Ulipoolewa na marehemu, ulipoulizwa ukanyamaza. Ulikuwa unakubali?"

Sitelbanat hakuimba. Alianza kusema, akagota, akatulia, akaanza tena. Ilimchukua muda mrefu, na kwa mara ya kwanza Fatna hakumbunia neno. Alisema kwamba siku ile ya swali alitaka kuwaambia wangoje. Mama yake alikuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza, na alitaka kusema wangoje mama apone. Mume mwenyewe yeye alimkubali, hakuwa na neno naye. Lakini alipofungua kinywa neno halikutoka, mashahidi wakaona ni haya ya mwali, wakarudi nje wakasema amekubali. Ndoa ikafungwa, akapelekwa Eldama Ravine kwa jamaa za mume. Mama yake alifariki yeye akiwa huko.

Fatna aliinamia ngoma yake. Alikuwepo siku ile. Alikuwa amekula pilau.

Alhamisi ilipofika, alasiri, wanaume walijaa kibarazani kwa Sitelbanat na wanawake wakajaa ndani, pazia likiwa katikati. Sitti naye alikuwepo, amevaa gurbaba yake mpya, ile shuka ya kujifunga, kwa sababu ugomvi ni ugomvi na shughuli ni shughuli. Tangu asubuhi Sitelbanat mwenyewe ndiye aliyekanda unga wa gurusa na kupika bamia na nyama. Watu wamekuja kwake, alisema kwa mikono yake yenye unga, watakula, liwe jibu gani.

Sheikh Abdulrahman alikohoa upande wa pili wa pazia. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kunyamaza.

"Mwanangu Sitelbanat. Effendi Murjan bin Abdallah amekuposa. Unasemaje wewe mwenyewe?"

Fatna alimwona Sitelbanat akifumba macho. Kidole kikaanza kugonga paja. Kisha sauti ikatoka, ile ya doluka, nzuri hata kuku wa uani wangeacha kudonoa: Effendi shemeji yangu. Haikugota. Mikono ya Fatna, ambayo kwa miaka yote haikuwahi kuusikia wimbo ule bila kuupiga, ikaanza yenyewe kupiga kwenye beseni lililokuwa karibu. Heshima yako ninayo, Sitelbanat akaimba.

Na wanawake wakaitikia.

Nani angewalaumu? Wimbo ulikuwa wa kumtoa bibi harusi, na wimbo huo una kiitikio chake ambacho kila mwanamke wa Kibra amekiitikia tangu yuko mgongoni mwa mama yake: ndiyo, mleteni, ndiyo, mleteni. Kiliwatoka kabla hawajafikiri, nyumba nzima, kwa makofi. Neno la mwisho la Sitelbanat, lile lililobeba kila kitu, likazama humo kama kijiko kwenye sufuria. Kisha, kwa kuwa kiitikio kikiisha hufuatwa na vigelegele, vigelegele vikapigwa. Na cha kwanza, kirefu kuliko vyote, kilitoka kwa Fatna.

Nje wanaume wakapokea kwa "Allahu akbar". Mtu akasema, "Amekubali, mabruk, Effendi." Mikono ikainuliwa kusoma Fatiha.

Ndani makofi yakakatika. Fatna alikuwa bado na mkono mdomoni alipoelewa alichokifanya. Aliwaza kukimbia nje apige kelele kwamba si hivyo, lakini nani angemsikiliza, mwanamke aliyesikika akishangilia kuliko wote? Alimgeukia Sitelbanat akitegemea kumwona anavunjika.

Sitelbanat alikuwa anafunga gurbaba yake vizuri. Alijitanda mtandio, akainuka, akapita katikati ya magoti ya wanawake, akafungua pazia akatoka.

Fatiha ilifia njiani. Mwanamke anayeposwa hatoki mbele ya wanaume siku ya swali. Effendi Murjan alikunja uso. "Shemeji, kuna nini? Mambo yamekwisha."

Sitelbanat alimtazama Sheikh. Akaanza tena wimbo, kwa sauti ya chini, lakini Sheikh akainua kiganja.

"Mwanangu, wimbo nimeusikia, na umenipoteza. Nilisikia ndiyo, na naona uso wako hausemi ndiyo. Nipe neno. Tuna wakati."

Fatna, aliyekuwa amebana jicho kwenye upenyo wa pazia na Sitti akimwegemea mgongoni, aliona kidole kikigonga paja. Kidole kile kile, mwendo ule ule wa polepole. Sitelbanat akafungua kinywa.

"S-s-s…"

"Anasema sawa," Effendi akasaidia.

"Effendi," Sheikh alisema, "wewe ulikaa porini ukimngoja Mjerumani miezi. Mngoje na huyu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Sitelbanat alifunga kinywa. Akaitoa pumzi yote, taratibu, mabega yakashuka, na mwisho wa pumzi hiyo neno likaja limepanda juu yake, refu, laini, si la wimbo wala si la kawaida.

"Siiitaki."

Kazi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa kusema amekisema, na angeweza kurudi ndani. Fatna alijua kwamba yeye angerudi. Lakini Sitelbanat alibaki amesimama, akaendelea. Akasema heshima ya shemeji anayo. Akasema nyumba ataitunza. Hapo aligota, akagota vibaya, kichwa kikatikisika na shingo ikatoka mishipa, na wanaume wazima wakaanza kutazama viatu vyao. Hakuacha. Akarudi kwenye pumzi, akagonga paja, akapata maneno manne, akagota tena. Akasema habari ya mara ya kwanza, ya mama yake, ya neno "ngojeni" ambalo hakuna aliyelingoja. Chai ilipoa kwenye vikombe. Kigugumizi hakikumtoka, kilikuwa pale pale wote wakikiona, na yeye akapita nacho mpaka mwisho wa alichotaka kusema, bila kuruka neno gumu hata moja wala kuliacha na kushika jepesi. Fatna alikuwa amemsikia akiimba harusi ngapi, na hakuwahi kusikia kutoka kwake kitu kilichomfanya ajivunie kuwa jirani yake kama kile.

"Hakuimba," Sitti alinong'ona mgongoni kwake. "Umeona? Amesema."

"Na ile pumzi ameitoa wapi, kama si kwenye wimbo?"

"Lakini hakuimba."

"Nyamaza, Sitti," Fatna alisema. "Msikilize mtu."

Sheikh alikuwa na mikono mapajani. "Mjane amejibu kwa kinywa chake," alisema. "Hakuna posa. Na hiyo Fatiha tuisome kwa mama yake."

Waliisoma. Kisha Effendi Murjan akainuka, na kila mtu akajiandaa, maana sauti ile walikuwa wanaijua. Alisimama akipangusa tarbushi yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Nimesikia," alimwambia Sheikh. Akageuka, na hii ilimgharimu zaidi. "Nimesikia, shemeji."

Akaanza kushuka kibaraza. Fatna alijua yanayofuata. Mwanamume aliyekataliwa huondoka bila kugusa hata maji ya nyumba ile, na asipogusa siku hiyo hatagusa tena. Salamu zitakatika, watoto watakatazwa kuvuka, na nyumba mbili zilizokuwa moja zitapitana barabarani kama treni. Tayari alikuwa ameshuka ngazi ya kwanza.

Sitelbanat akamfuata mpaka ukingoni mwa kibaraza. Harufu ya bamia ilikuwa imejaa mlangoni. Alifungua kinywa, akagota kwenye herufi ya kwanza, na Fatna akalihisi neno lenyewe limekaa tayari kwenye ncha ya ulimi wake yeye, limeiva, linataka kutoka limsaidie. Akauma ulimi. Effendi alikuwa amesimama mguu mmoja chini na mwingine juu, akimtazama shemeji yake, wala hakusogea.

"Ka-ka-kaaa… karibu ndani, shemeji," Sitelbanat alisema. "Chakula kiko mezani, gurusa zinapoa."